Nani Anashika Kalamu? Historia ya Kodi na Juni ya Mtayarishaji wa Ritani

Mwezi Juni una sura mbili katika nchi yetu. Bungeni Dodoma ni mwezi wa bajeti: Waziri husoma hotuba yake, wabunge hujadili viwango, na magazeti hutuorodheshea kilichopanda na kilichoshuka. Mitaani ni mwezi wa ritani. Kwa mfanyabiashara ambaye mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba, sheria humpa miezi sita ya kuwasilisha ritani ya mapato, na miezi hiyo hukatika tarehe 30 Juni. Siku hiyohiyo huangukia awamu ya pili ya kodi ya makadirio ya mwaka unaoendelea. Kesho yake, tarehe 1 Julai, Sheria mpya ya Fedha huanza kutumika, na baadhi ya mambo ambayo mtu alikuwa ameyazoea hubadilika.

Kuhusu sura ya kwanza yameandikwa mengi. Leo, ndugu msomaji, ninataka tuitazame ya pili, na hasa mtu aliyeketi katikati yake: mhasibu wa mtaani anayewatayarishia wengine ritani. Simzungumzii mkaguzi wa kampuni kubwa mwenye ofisi ya ghorofani. Ninamkusudia yule mwenye chumba kimoja, kompyuta mbili, printa moja na benchi la wateja barazani. Wengi humwona kama dalali wa karatasi tu, na wapo wanaomlaumu kana kwamba kodi ameitunga yeye. Mimi ni mwalimu wa historia, si mhasibu. Lakini ninaamini kwamba taabu zake za Juni haziwezi kueleweka bila historia. Hoja yangu ni moja. Katika kipindi cha zaidi ya miaka mia moja, kazi ya kuhesabu na kuandika kodi imehamishwa hatua kwa hatua kutoka kwa dola kwenda kwa mlipaji. Sheria imeuhamisha mzigo huo, lakini haikuihamisha pamoja nao elimu ya kuubeba. Mtayarishaji wa ritani ndiye anayesimama katika pengo lililobaki.

Tuanze kabla ya ukoloni, kwa kuwa mtu wa kati katika mambo ya kodi si jambo geni pwani yetu. Zanzibar ya Seyyid Said haikuwa na idara ya forodha kwa maana tunayoijua leo. Sultani alikodisha ukusanyaji wa ushuru kwa mfanyabiashara aliyeahidi kumlipa kiasi maalumu kila mwaka, na kwa miaka mingi ya karne ya 19 ukandarasi huo ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Kiwango kilijulikana: mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani na Marekani ulitaja ushuru wa asilimia 5 kwa shehena iliyoshushwa. Aliyeshika daftari, hata hivyo, hakuwa Sultani wala mwenye shehena. Alikuwa mkandarasi, na faida yake ilitokana na tofauti kati ya alichokusanya na alichoahidi. Huyo alikuwa mtu wa kati upande wa dola. Yafaa tumkumbuke, maana tutamkuta mwingine baadaye aliyesimama upande wa pili wa meza.

Wajerumani walipokuja na kodi ya moja kwa moja, hawakuuliza mtu ana kipato gani. Kwa amri ya mwaka 1897, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1898, walitoza nyumba. Nyumba ya kawaida ya kijijini ilitozwa rupia 3, na za mijini zaidi. Mwanzoni iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyosonga msisitizo ukawa fedha taslimu, kwa sababu lengo halikuwa kujaza hazina peke yake. Lengo lilikuwa pia kumsukuma mkulima alime zao la kuuza au aende akauze nguvu zake shambani kwa mzungu.

Kwa nini nyumba? Kwa sababu nyumba huonekana. Haina daftari, haihitaji mahojiano, na akida akipita na karani wake huweza kuzihesabu akiwa amesimama njiani. Ni kodi ya dola isiyomjua mtu wake wala isiyotaka kumjua. Kazi yote ya kuhesabu iliibeba yenyewe kupitia maakida, majumbe na makarani, ambao baadhi yao walitoka katika shule ya serikali iliyoanzishwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mlipaji hakutakiwa kuandika chochote. Alitakiwa kuwa na rupia, na baada ya hapo kuitunza stakabadhi yake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Makarani hao waliandika kwa Kiswahili. Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika ngazi za chini, na barua nyingi za maakida kuhusu kodi zilikuwa katika lugha ambayo mlipaji angeweza kuielewa kama angesomewa. Hilo halikuifanya kodi iwe ya haki. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, kodi haikuwa sababu pekee, maana kulikuwa na pamba ya kulazimishwa na viboko vya akida, lakini ilikuwamo. Kwa hiyo tusije tukadhani kwamba tukishaandika fomu kwa Kiswahili shauri limekwisha. Lugha ni sharti mojawapo, nayo haitoshi ikiwa aliyeshika kalamu haaminiki.

Watu nao hawakukaa kimya mbele ya kodi iliyohesabu paa. Familia zilizokuwa na nyumba tatu zilijibana katika moja. Wanahistoria wamelieleza jambo hili Tanganyika na Kenya pia. Dola ilipogundua kwamba paa zinapungua huku watu wakiongezeka, iligeukia vichwa. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 ilitoza nyumba pamoja na mwanamume asiye na nyumba, na baada ya mwaka 1926, chini ya mfumo wa utawala wa machifu, ukusanyaji ukawa kazi ya mamlaka za wenyeji, ambazo sehemu ya mapato hayo ilibaki katika hazina zao. Bado kiwango kilikuwa kimoja kwa wote wa eneo moja, tajiri kwa maskini. Dola ilihesabu, mlipaji akalipa.

Mabadiliko ya kweli, na kwangu mimi ndiyo kiini cha historia hii, yalitokea Upare. Katika miaka ya 1940 machifu wa Upare, kwa baraka za serikali, waliongeza juu ya kodi ya kawaida kodi nyingine ya ngazi, ambayo kila mtu angelipa kwa kadiri ya mali yake. Waliiita mbiru, jina lililokumbusha ada za zamani. Kwa nadharia ilikuwa kodi ya haki kuliko ya kichwa: mwenye ng'ombe wengi alipe zaidi, mwenye jembe tu alipe kidogo. Yeyote anayefundisha uchumi leo angeisifu.

Wapare waliikataa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, na mgogoro ule uliendelea kwa muda mrefu. Wanawake nao waliingia, wakaandamana kuitaka serikali iumalize ili waume warudi makwao. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyeuchunguza mgogoro huu na kuuandikia kitabu, ametuonyesha kwamba watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kuongezewa ile ya kiwango kimoja. Walichokataa ni makadirio. Nani amekaa na nani akaamua kwamba shamba langu lina thamani hii? Amehesabu migomba gani? Kwa nini jirani yangu, mwenye undugu na mwanachifu, ameandikiwa kidogo? Mwishowe serikali ilisalimu amri na mbiru ikafutwa.

Fundisho la Same ni zito. Kodi ya kadiri ya kipato ni ya haki pale tu ambapo mlipaji anaweza kuona namna tarakimu yake ilivyopatikana. Asipoweza kuona, atachagua kodi butu inayomuumiza, mradi aielewe. Huo haukuwa ujinga wa watu wa milimani. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa wa watu waliojua kwamba makadirio yasiyo na daftari ni mamlaka yasiyo na mipaka.

Wakati Wapare wakipigania hayo, kodi ya mapato ilikuwa tayari imeingia Tanganyika, mwaka 1940, kwa ajili ya kampuni na watu wenye vipato vikubwa. Mwaka 1952 ikaunganishwa chini ya sheria moja ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Tanzania ikatunga yake. Katika mfumo huo mlipaji alipeleka taarifa zake, lakini neno la mwisho la makadirio lilitoka kwa ofisa wa kodi. Waliohitaji wahasibu walikuwa wachache. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kwa mfano, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, wakati sehemu kubwa ya uchumi ilikuwa ikielekea mikononi mwa mashirika ya umma. Mwenye duka la kijiji hakuwa na sababu ya kumjua mhasibu.

Alichokijua yeye, na tulichokijua sisi watoto wa miaka ya 1980 na 1990, ni kodi ya maendeleo. Kodi ya kichwa iliyokuwa imeondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 ilirudi kwa jina hilo serikali za mitaa ziliporejeshwa mwaka 1984. Ninawakumbuka mgambo wa alfajiri. Ninawakumbuka wanaume wazima wakilala shambani ili wasikutwe nyumbani, na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, ambacho mtu alikionyesha njiani kama hati ya kusafiria. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Lakini tabia iliyoijenga haikufutwa pamoja nayo. Ilitufundisha kwamba kodi ni msimu, kwamba msimu huja na watu wa kukamata, na kwamba maarifa ya mlipaji ni kujua lini ajifiche na lini aonyeshe karatasi.

Mwaka mmoja tu baadaye tukaingia katika mfumo unaodai tabia tofauti kabisa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mapato iliyokuwa imeanza kazi mwaka 1996, ilijengwa juu ya msingi wa mlipakodi kujikadiria. Ifikapo mwisho wa Machi, anayefuata mwaka wa kalenda hutoa makadirio ya kodi yake ya mwaka. Atayalipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka ukiisha ataandaa hesabu halisi na ritani. Akiwa amekadiria chini, kuna riba. Akichelewa, kuna adhabu. Ofisa hakuandikii tena. Anangoja uandike, kisha anaweza kuja kukukagua. Na kumbukumbu zako sheria inataka uzitunze kwa miaka mitano.

Kwa nadharia haya ni mapinduzi ya heshima. Dola inamwambia raia: ninakuamini, shika kalamu wewe. Wapare wa Same wangeyapokea kwa shangwe. Lakini sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, na elimu ya uhasibu hutolewa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hatua ambayo mimi niliifurahia. Hata hivyo, tumekwisha kuona kwa maakida kwamba lugha peke yake haitoshi. Mtu anayekabidhiwa kalamu bila daftari, bila mazoea ya kuandika na bila lugha ya fomu, atamtafuta wa kumshikia kalamu hiyo. Ndipo tunapomkuta rafiki yetu wa chumba kimoja.

Juni ya mwaka uliopita nilipata ruhusa ya kukaa siku kadhaa katika ofisi ya mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye baada ya shahada alisomea uhasibu na sasa huwahudumia wafanyabiashara wadogo na wa kati jijini Dar es Salaam. Sitamtaja jina, wala wateja wake. Nitaeleza tu nilichokiona, kwa maana kwa jicho la mwanahistoria chumba kile kilikuwa nyaraka tosha.

Jambo la kwanza ni mfuko wa plastiki. Wateja wengi hawaleti daftari, huleta mfuko. Ndani yake kuna risiti za mashine za kielektroniki, hati za benki, notisi za upangaji, na karatasi za mzani wa sokoni. Risiti za mashine huchapwa kwa joto juu ya karatasi laini, na karatasi hiyo ikikaa juani au karibu na jiko hupauka. Zile za Januari na Februari zilikuwa nyeupe kabisa. Sheria inasema miaka mitano, karatasi inasema miezi mitano. Mwanafunzi wangu huzielekeza kwenye taa ya simu akitafuta kivuli cha tarakimu, na zikimshinda humtuma mteja akaombe nakala kwa muuzaji ambaye huenda amekwisha kuhama.

La pili ni simu. Biashara kubwa ya mtaani hupita katika fedha za simu, na namba moja hubeba mauzo ya duka, ada ya mtoto, mchango wa msiba na mkopo wa shemeji. Kuitenganisha miamala hiyo ni kazi ya kuketi na mtu na kumuuliza mmojammoja: hii ilikuwa ya nini? Na hii? Mzee mmoja muuza vipuri, baada ya nusu saa ya maswali hayo, aliweka kofia mezani akasema, "Mwanangu, unanihoji kuliko polisi." Alicheka, lakini hakuwa anatania. Kwake yeye, mtu mwenye kalamu anayeuliza habari za mali ni mtu wa kuogopwa. Hofu hiyo ina umri mkubwa kuliko duka lake.

La tatu ni risiti zisizokuwepo. Mfanyabiashara wa rejareja hununua kwa muuzaji wa jumla ambaye anamwambia kuna bei mbili, ya risiti na ya bila risiti. Anachagua ya pili, kwa sababu ushindani hauna huruma. Juni ikifika, mauzo yake yote yamo katika mashine, lakini manunuzi yake hayaonekani popote. Gharama isiyo na risiti halali haiwezi kutetewa mbele ya mkaguzi. Kwa hiyo katika karatasi ametengeneza faida ambayo hajawahi kuishika mkononi. Mtayarishaji wa ritani ndiye anayembebesha habari hiyo mbaya, na ndiye anayetukanwa. "Dada, niandikie ndogo," nilimsikia mteja akimsihi, sauti imeshuka. Naye alimjibu kwa upole, "Kaka, nikiandika ndogo leo, kesho wewe ndiye utakayeulizwa, na cheti changu kitakuwa mezani." Ukweli huo una pande mbili. Sheria huhitaji hesabu za wafanyabiashara wakubwa kidogo na kampuni zithibitishwe na mhasibu aliyesajiliwa. Akikubali kuandika uongo, anahatarisha riziki yake. Akikataa, mteja anakwenda kwa kishoka wa mtaa wa pili ambaye hana cheti cha kupoteza.

La nne ni wakati. Tarehe 10 Juni benchi lilikuwa na watu wawili. Tarehe 27 lilikuwa limejaa na wengine wamesimama uani. Ritani huwasilishwa kwa njia ya mtandao, na siku ambazo nchi nzima inaingia katika mlango mmoja, kurasa hufunguka kwa mwendo wa kobe. Nilimwona akijaza fomu saa nane za usiku kwa sababu saa hizo ndizo njia huwa nyeupe. Na katikati ya hayo kalenda nyingine haisimami: kodi ya mishahara ya wafanyakazi wa wateja wake inadaiwa tarehe 7 ya kila mwezi, Kodi ya Ongezeko la Thamani tarehe 20. Akimaliza Juni, tarehe 7 Julai iko mlangoni, pamoja na sheria mpya ya kusoma.

Nilimwuliza kwa nini wateja hawaji Februari. Alinijibu kwa sentensi moja: "Mwalimu, kwao kodi haina Februari." Nimelitafakari sana jibu hilo. Kujikadiria ni mfumo unaoishi mwaka mzima, kila siku mtu anapofungua daftari. Sisi tumelelewa na kodi za msimu, tangu akida hadi mgambo. Sheria imebadilika mwaka 2004, msimu umebaki.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni uvivu wa watu kutunza kumbukumbu, na kwamba wakiadhibiwa vya kutosha watajifunza. Hoja hii si ya kupuuzwa. Dola yetu yenyewe imejaribu kuweka bei juu ya daftari. Kwa jedwali lililowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mama mwenye mauzo ya milioni 5 angelipa basi shilingi 30,000 tu kama ana daftari. Daftari lake lina thamani ya shilingi 70,000. Kwa maoni yangu hii ni sera nzuri, yenye akili kuliko fimbo. Lakini ukimwuliza mwanafunzi wangu ni wangapi kati ya wateja wa kundi hilo waliokuwa wakiujua mlinganyo huu kabla ya kuketi kwenye benchi lake, atatikisa kichwa. Wengi waliamini kwamba kiasi walichoandikiwa ni kile kilichoandikwa kwao juu huko, kama rupia 3 za Mjerumani. Haki iliyomo ndani ya sheria, asiyeijua mtu wake, haina tofauti na haki isiyokuwepo.

Hapa ndipo historia inapotugusa kisiasa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia mambo kadhaa yakiwamo ya ukamataji. Juni 2024 walifunga tena, na safari hii mgomo ulienea katika miji mingine. Mwaka huohuo Rais aliunda tume ya kutazama maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Katika migomo yote hiyo, malalamiko juu ya viwango yalisikika, lakini chini yake nilisikia sauti ya Same: nani amekadiria, kwa kigezo gani, na kwa nini mimi hivi na jirani yangu vile? Tazama pia mwezi ambao mgomo wa pili ulitokea. Ni Juni, wiki ya mwisho, benchi za watayarishaji wa ritani zikiwa zimejaa. Sidai kwamba tarehe ndiyo iliyouleta mgomo. Ninasema tu kwamba hasira ya kodi na kazi ya kuandika kodi hukutana katika juma lilelile.

Kwa hiyo ninapendekeza tumtazame mtayarishaji wa ritani kwa jicho jingine. Mkandarasi wa forodha wa Zanzibar alisimama upande wa mtawala na faida yake ilikuwa katika kutojua kwa mlipaji. Akida alisimama upande wa mtawala na nguvu yake ilikuwa katika hofu ya mlipaji. Mhasibu wa mtaani ni mtu wa kati wa kwanza katika historia yetu ambaye amelipwa na mlipaji, lakini cheti chake kinamfunga aseme kweli kwa dola. Nafasi hiyo ni ngumu, na ni ya thamani. Akifanya kazi yake vizuri, mlipaji hutoka chumbani akijua tarakimu yake imetoka wapi, jambo ambalo Wapare walipiga kambi kulidai. Akilemewa, au akibadilishwa na kishoka, tunarudi kwenye makadirio ya gizani, safari hii kwa kompyuta.

Yapo mambo ya kufanya ambayo hayahitaji kungoja tume. Elimu ya daftari ifundishwe katika shule zetu mapema kama tunavyofundisha kipeo cha pili. Fomu na miongozo iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, si tafsiri inayohitaji mkalimani. Risiti itunzwe mahali ambapo haipauki, na mlipaji aweze kuiona mwenyewe. Bei mbili za wauzaji wa jumla zifuatwe huko zinakoanzia, si kwa muuza rejareja wa mwisho. Na sisi tunaofanya biashara, hata ya ng'ombe wawili, twende kwa mhasibu Februari na daftari, si tarehe 28 Juni na mfuko.

Kodi ya haki haianzi kwenye kiwango. Inaanza pale mtu anapoweza kuweka kidole chake juu ya tarakimu aliyoandikiwa na kusema: hii imetokana na hiki, na ile imetokana na kile. Mpaka tutakapofika hapo, kalamu tuliyokabidhiwa mwaka 2004 itaendelea kushikwa na mtu mmoja aliyechoka, saa nane za usiku, kwa niaba yetu sote.